Mtukufu wa Sebuleni

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa Juni, saa nne kasoro asubuhi, pale mzee fundi vigae alipofika makaburini na jembe begani akakuta mkewe amepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Kaburi ndilo lililopigwa, lakini mzee hakuona tofauti. Alilijenga mwenyewe, kwa vigae vyeupe vilivyobaki kwenye kazi ya benki moja, akavikata kingo kwa subira mpaka ukipitisha kidole husikii kiungo. Sasa mtu asiyejua hata brashi inashikwaje alikuwa amepaka hapo rangi ya kuchuruzika, tena X yenyewe imelala upande kama mlevi. Makaburi yote ya upande ule yalikuwa hivyo hivyo. Getini palibandikwa karatasi, na mzee akaisoma polepole huku midomo ikimsaidia: barabara mpya itapita upande wa mashariki wa makaburi, mabaki ya marehemu yatahamishwa kwa heshima zote, wananchi wanaombwa ushirikiano. Chini kulikuwa na mhuri, na saini yenye mikia mingi.

"Heshima zote," alimwambia mlinzi wa geti. "Hii rangi ya kuchuruzika ndiyo heshima?"

"Mzee wangu, mimi nimeletewa karatasi na gundi," mlinzi akajibu. "Nikabandika."

Alirudi nyumbani akijisemea njia nzima. Ugomvi wake na wakubwa ulikuwa wa siku nyingi. Saruji ikipanda bei, wakubwa. Bomba likikauka, wakubwa. Hata mvua ikinyesha siku aliyoanika godoro, aliwatafutia sehemu yao ya lawama. Lakini ugomvi huo ulipata mizizi mwaka ule mkewe alipozidiwa, gari la wagonjwa likawa halina mafuta, na gari la mkurugenzi likapita mbele ya nyumba limejaa viti vya sherehe. Tangu hapo hakumsamehe mtu yeyote mwenye tai.

Aliishi kwa mwanawe wa pekee, dereva wa katapila katika kampuni iliyokuwa ikijenga barabara hiyo hiyo. Kijana alikuwa upande wa daraja, mbali na makaburi, na mzee alilizunguka jambo hilo kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa na viatu vipya. Sebuleni alimkuta mkwewe, mke wa kijana huyo. Yeye ni keshia wa duka kubwa, ila aliteleza kwenye ngazi za stoo akavunjika mguu, na sasa alikuwa amelazwa likizo na plasta. Mguu juu ya stuli, kompyuta juu ya mto, macho kwenye gemu.

Mzee alimmwagia yote. Aliwaita wezi, wajinga, watu wa makalio makubwa na akili ndogo. Mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea kidogo kwenye kochi.

"Baba, hebu kaa hapa."

"Nikae nifanye nini?"

"Utawale. Kila siku unasema ingekuwa wewe, ingekuwa wewe. Haya, leo ni wewe."

Mzee aliketi kwa dharau, kama anayeonja chakula cha jirani ili apate la kusema. Gemu lilikuwa la maandishi ya kigeni, mkwe akimtafsiria. Alipewa kundi la watu na nchi nyeusi tupu, isipokuwa kipande kidogo walipokuwa wamesimama.

"Huku kwingine kwenye giza kuna nini?"

"Hujapajua bado, baba."

"Sipajui na natawala."

"Ndivyo linavyoanza."

"Na ndivyo wanavyomaliza," alisema mzee.

Nchi yenyewe ilikatwa vipande vya pembe sita, vyote sawasawa. Mlima kipande kimoja, msitu kipande kimoja, bahari kipande kimoja pia. Mzee alivitazama akakunja uso. Alisema hajaona nchi iliyolazwa hivyo, haina mteremko wa maji, haina kona ya kukatia, imekaa kama bafu la hoteli. Mara pembeni akajitokeza bwana mmoja mwenye joho na ndevu zilizochanwa, akainama.

"Anasemaje huyu?"

"Anasema, Mtukufu, watu wako wanasubiri uongozi wako. Ni mshauri wako."

"Nani kamchagua?"

"Kaja na gemu."

"Basi ni yule yule."

Alitakiwa kuupa mji wake jina. Mzee akasema uitwe Mwenyekiti. Ndivyo alivyokuwa akimwita marehemu nyumbani, mwenyekiti pekee aliyepata kumtii maishani mwake. Mkwe aliandika herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutania.

Kila ukimaliza zamu yako unabonyeza chini, na kila mtu wa dunia ile anacheza ya kwake. Mzee alibonyeza.

"Imepita miaka arobaini," mkwe akasema.

"Miaka arobaini? Nimefanya nini mimi?"

"Umetengeneza shoka."

"Shoka moja, miaka arobaini." Mzee aliegemea nyuma. "Hii sasa ni serikali kweli."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maoni yake ya siku ya kwanza, na siku ya pili hayakuwa bora. Watu wake wakinuna, mshauri anapendekeza uwanja wa michezo. Wakinuna tena, mwingine. Mzee aliuliza kama wana njaa, akaambiwa hawana, wamebanana tu. Akasema basi wajengewe nyumba, akaambiwa nyumba haimo, kuna sanamu. Malkia wa nchi jirani alimjia na dhahabu mpaka kwenye vidole vya miguu, akamchekea, akamwahidi urafiki wa vizazi, na zamu iliyofuata askari wake walikuwa wanaota moto mpakani.

"Anacheka kama afisa ardhi," mzee alisema. "Huyo mpe soda, ila usimpe kitambulisho chako."

Lakini kila asubuhi akishamaliza chai alikuja sebuleni akiwa na sababu. Mara anatafuta miwani. Mara anakuja kukagua kama mguu wa mkwe umepungua kuvimba. Kisha anauliza, akitazama dirishani, kama ule upuuzi umewashwa. Alishaapa kitu: atawaonyesha wakubwa. Katika nchi yake hakuna mtu atakayeguswa alipo. Kando ya mto, karibu na mji wa Mwenyekiti, palikuwa na kijiji kidogo cha watu waliokuwepo kabla yake, vibanda vitatu na moshi. Mshauri alimshauri akichukue mara kadhaa, na kila mara mzee alimwambia mkwe amfunge mdomo.

"Hao ni majirani," alisema. "Nawapitia mbali. Ni kitu gani kigumu hapo? Unapita mbali tu. Mtu mwenye shahada tatu hawezi kupita mbali?"

Alhamisi mji ulipata njaa. Namba ya chakula iligeuka nyekundu, nyuso za watu zikawa za kulia, na mshauri akainama kwa adabu kuliko siku zote. Maji yalihitajika. Mfereji ulihitajika. Mkwe alikuwa jikoni, anarukaruka kwa mguu mmoja kutafuta maji ya kunywa, na mzee hakutaka kumsubiri. Mistari ya njano ilijichora yenyewe kwenye ramani, ikasubiri. Mmoja ulikuwa mfupi. Mzee alibonyeza huo. Mtu mdogo mwenye koleo akatoka mjini, akatembea kipande kwa kipande, akainamia kazi. Zamu ikaisha. Tarumbeta ikalia.

Mkwe aliporudi alimkuta baba mkwe ameinama, pua karibu iguse kioo.

"Kijiji kimeenda wapi?"

Mkwe alitazama. "Mfereji umepita hapo, baba."

"Nani kamwambia apitishe hapo?"

"Wewe."

"Mimi nimebonyeza tu."

Mkwe alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye plasta, kisha kicheko kikamwishia njiani. Mzee hakuwa anacheka. Alianza kutafuta mwenye kosa. Kwanza mshauri, na joho lake. Halafu aliyechora mstari wa njano, ambaye hakuandika pembeni kuwa kuna watu. Aliuliza watu wenyewe wako wapi, mkwe akamwonyesha kuwa wamehesabiwa mjini, idadi imepanda, kwa kweli mji umefaidika.

"Na wafu wao? Walikuwa wamezika pale."

"Gemu halina makaburi, baba."

"Himaya nzima?"

"Gemu lote. Watu wanapungua kwenye namba tu."

"Ndiyo maana," mzee alisema. "Wamelelewa na haya magemu, ndiyo maana." Akamrudia yule mtu mdogo, ambaye sasa alikuwa amesimama kando ya mfereji, koleo begani, akingoja kuambiwa la kufanya. "Na huyu? Kafika, kaona watu, kaona moshi, kachimba. Kwa nini hakukataa?"

"Hana pa kubonyeza kukataa. Nikiwa kazini na mimi ni hivyo hivyo. Meneja akisema bei imepanda, mimi ndiye ninayetukanwa na wateja."

"Wewe unauza sabuni. Huyu kafukua watu. Mtu mzima ana mdomo, anasema sitaki."

Mkwe alijifuta maji kwenye plasta muda mrefu kuliko maji yalivyokuwa. "Baba, ukizungumza hivyo mbele ya mwanao..."

"Mwanangu yuko darajani."

"Ndiyo," mkwe akasema. "Mpaka jana."

Mzee alimgeukia, lakini mkwe alisema aulizwe mwenyewe, si yake kusema. Jioni ile kijana hakurudi mapema, na mzee alilala bila kuuliza. Ijumaa alirudi jua bado liko juu, akavua buti nje, akanawa mikono, akainawa tena. Alikaa kwenye kiti kilichomkabili baba yake. Mkwe alipunguza sauti ya kompyuta.

"Baba, wametuhamisha kutoka darajani. Jumatatu tunaanza makaburini."

"Kataa."

"Nilijua utasema hivyo."

"Sasa kama ulijua, si ungekataa hukohuko ukaniletea habari iliyokamilika? Nani kawahamisha?"

"Msimamizi."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

"Injinia."

"Na injinia?"

"Baraza la mji. Na baraza wanasema wizara. Baba, mimi ngazi yangu inaishia kwa msimamizi. Hao wengine nawaona kwenye picha kama unavyowaona wewe."

"Hapo ndipo walipokuweka," mzee alisema. "Wamejipanga kama foleni ya mkate, kila mmoja anamwonyesha aliye mbele, na wa mbele kabisa hayupo, kaenda semina. Halafu mwisho wa foleni yupo mjinga mmoja kakaa juu ya katapila. Mwanangu mimi. Nimekulea kwa magoti haya, nimepiga magoti kwenye sakafu za watu miaka yote, ili uje umfukue mama yako kwa mshahara?"

Kijana alimwacha baba yake mpaka akaishiwa pumzi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo peke yake barabarani.

"Nimekataa."

"Lini?" mzee akauliza.

"Juzi nilikataa. Msimamizi hakunifokea hata kidogo. Aliniambia sawa, atampanga mwenzangu. Yule mpya, unamjua, aliyevunja ukuta wa shule akitafuta gia. Anavunja kwanza, halafu anaangalia alichovunja. Mashine ndiyo inayoinua saruji ya juu, baba, kabla watu wa makoleo hawajaingia. Mkono ukiwa mzito, hakuna cha kuwaachia hao wa makoleo. Nililala nikifikiria hilo. Jana nikarudi kwa msimamizi nikamwambia ngoja kwanza."

"Ngoja nini?"

"Naweza kuinua vigae vyako bila kuvipasua. Kimoja kimoja hapana, lakini bamba lote, likatoka zima. Hakuna mwingine pale anayeweza, sijisifu. Lakini nitakuwa ni mimi. Kila nitakapopita barabara ile nitakuwa ni mimi niliyefanya. Na wewe utakuwa unakula nami meza moja, unajua ni mimi."

"Na msimamizi kasemaje?"

"Kasema nichague. Mstari wa makaburi alipolala mama, huo tu. Mingine yote inachimbwa, nikiwepo nisiwepo."

Mzee alicheka, kicheko kikavu cha pua. "Mmeona ukarimu wao? Mafuta ya gari la wagonjwa walikosa. Leo wametafuta kwenye mifuko yao, wamepata kitu cha kutupa. Wametupa kuchagua." Alimgeukia mkwe ili amuunge mkono, kama alivyozoea. "Unawaona lakini? Barabara wapitishe wao, dhambi tugawane sisi. Mimi nitakwenda kwa huyo mwenye saini ya mikia. Nitakwenda Jumatatu hiyo hiyo, nitasimama mlangoni kwake..."

"Utakwenda, baba," mkwe alisema taratibu. "Nitakusindikiza na magongo yangu. Lakini kwa saa hizi hao watu hawapo hapa. Tupo sisi watatu, na kesho asubuhi anatakiwa ajibu."

Mzee alitafuta la kusema juu ya wizara. Badala yake akamtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu, mikono mipana ya mama yake, yenye weusi wa grisi usiotoka kwenye mistari hata ukinawa mara mbili.

"Mimi nimeshindwa, baba," kijana alisema. "Nikisema ndiyo najiona mbaya, nikisema hapana namwona yule mpya juu ya kiti changu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na ukijibu sitabishana, na sitakulaumu maisha yangu yote. Kwenye mstari wa mama, nipande mimi au apande yeye?"