Shule Iliyozeeshwa Mtandaoni

Alama mbili. Hizo tu ndizo zilizomzuia Kwani kuingia darasa la sayansi, na alinyimwa kwa kusema kweli. Tulimwita Kwani kwa sababu kila jibu ulilompa alilirudisha na "kwani". Mimi ni mkutubi wa shule, nawafundisha watoto kupima habari za mtandaoni, na nilimpenda kwa hilo.

Swali la kazi ya utafiti lilikuwa jepesi: shule yetu ilifunguliwa mwaka gani? Darasa zima liliandika 1938, kama tovuti zinavyosema. Kwani alisogeza chungu cha maua mbele ya ofisi, akasugua matope kwenye jiwe la msingi, akaandika 1958. Makamu mkuu wa shule akalikata jibu hilo kwa wino mwekundu.

Nilimvaa ofisini damu ikinichemka, Kwani nyuma yangu.

"Makamu, jiwe liko hapo nje! Hatua kumi!"

"Tovuti tatu zinasema thelathini na nane," alijibu bila kuinua macho. "Jiwe ni moja. Upande upi una wengi?"

"Kwani ukweli unapigiwa kura?" Kwani akadakia.

"Nyamaza wewe. Shule kongwe ina heshima yake."

Heshima! Heshima gani ya kujiongezea miaka ishirini? Nilirudi maktaba na Kwani, tukaanza kuzifuata zile tovuti hadi zilikoanzia. Leo ataumbuka, nilijiapiza. Ya tatu ilinakili ya pili, mpaka koma. Ya pili ilinakili ya kwanza. Na ya kwanza, chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilitaja chanzo: ukurasa wa maktaba ya shule yetu.

Nikaufungua. Ukurasa huo niliuandika mimi miaka minne nyuma, uongo mtupu, ili wanafunzi wajizoeze kuutambua: 1938, bwawa la kuogelea juu ya paa, twiga anayelinda geti. Mwishoni nilieleza kwamba ni zoezi. Walionakili waliacha twiga, wakaacha maelezo, wakabeba mwaka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilizunguka tovuti tatu ndipo ikarudi nyumbani. Nami sikuwahi kuufuta.

Kwani aliusoma wote. Hata twiga hakumchekesha.

"Kumbe ni wewe," alisema. Afadhali angenitukana.

Tulirudi. Nilipokiri, Makamu uso ulimng'aa.

"Basi imetoka kwa mkutubi mwenyewe! Chanzo gani kinashinda hicho?"

Hasira na aibu vikanipanda kwa pamoja. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya Kwani: "1938 ni uongo. Aliyeutunga ni mimi." Nikatia sahihi, nusura karatasi itoboke.

"Chanzo chako hicho. Mpe mtoto alama zake!"

Makamu alinuna, akaongeza mbili. Nikamkabidhi Kwani karatasi nikidhani tumemaliza. Aliisoma, akaikunja.

"Hii tumeisoma watu watatu, mwalimu," alisema. "Ule ukurasa wako bado upo."