Mkazi wa Eneo Bunge la 58

Katika dakika kumi na tano za simu ya gereza, Cordell alimaliza sita kwa kukohoa. Vernetta Pettway alisimama katika chumba cha kufulia cha hospitali anakofanya kazi, mashine zikinguruma nyuma yake, akamsubiri mwanawe apate pumzi.

"Damu bado inatoka?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo kiasi gani? Usinifiche."

"Leo asubuhi shuka zima lililowa. Wamenipa vidonge vya maumivu. Eti nina mafua."

Vernetta alikuwa amefua mashuka ya wagonjwa miaka ishirini na miwili. Alijua mafua huacha nini kwenye shuka, na damu haimo.

Muuguzi mmoja wa pale hospitali alimwambia kwamba barua ya mbunge humfikisha mfungwa hospitali haraka kuliko cheti cha daktari. Basi siku yake ya mapumziko akaenda kwenye ofisi ya mbunge wa mtaa wao, ambaye Vernetta alikuwa amempigia kura mara nne. Msaidizi wake, mwanamke mwenye miwani, alitazama kompyuta kisha akashusha sauti.

"Mwanao si wa kwetu, Bi Pettway. Sensa ya 2020 ilimkuta gerezani, kule Tarrow. Anahesabiwa mkazi wa huko, eneo bunge la 58."

"Amezaliwa hapa. Nguo zake zimo kabatini kwangu."

"Najua. Lakini mbunge wa kule hapendi tuingilie watu wake."

Watu wake! Vernetta aliondoka na maneno hayo kichwani, na Jumamosi akaendesha gari saa nne nzima kuelekea kaskazini kumtafuta mwenye watu wake.

Kibao cha kuingilia Tarrow kilisema wakazi 3,906. Alipita barabara kuu mwanzo hadi mwisho akaona watu tisa na mbwa mmoja. Shule ilipigiliwa mbao madirishani. Duka la viatu lilifungwa siku nyingi, na viatu vya kike vilikuwa bado vimepangwa nyuma ya kioo cha dirisha vikingoja wanunuzi. Nyumba hazikuwa na mapazia. Mji ule ulimtisha, akajiuliza wote hao wamekwenda wapi. Barabara ikapinda, akaliona gereza juu ya kilima, kubwa kuliko mji wenyewe. Walikuwa humo.

Mheshimiwa Harlan Stroud alikuwa na mkutano wa wananchi kwenye ukumbi wa zimamoto. Palikuwa na kahawa, pai za tufaha, na wazee wa Kizungu wapatao thelathini. Mlangoni paliwekwa karatasi ya kujiandikisha wasemaji, na juu yake onyo: wakazi wa eneo bunge la 58 tu. Vernetta akachukua kalamu, akaandika Cordell Pettway, na chini yake anwani ya gereza.

Mzee mwenye mkongojo alisema kwanza.

"Harlan, daraja la kwetu limeoza. Tutakupitisha wewe wa kwanza tuone kama litaanguka."

Watu wakaangua kicheko. Stroud naye akacheka. "Umenipata, mzee wangu. Jumatatu nampigia mtu wa barabara."

Jumatatu! Vernetta akaingiwa na matumaini. Kumbe kwa huyu mambo huenda upesi hivi.

"Cordell Pettway," akaita katibu wa mbunge, Bi Jolene.

Vernetta akasimama.

"Wewe ndiye Cordell?" Stroud akauliza, na wengine wakacheka tena.

"Mimi mama yake. Yeye ni mkazi wako, yuko pale kilimani. Angekuja mwenyewe, ila mmemfungia mlango."

Kicheko kikakatika.

"Anakohoa damu, Mheshimiwa. Naomba barua moja tu. Mistari mitatu, apelekwe hospitali."

"Pole sana, mama, kweli kabisa. Lakini mfungwa hapigi kura. Mwone mbunge wako wa mjini."

"Ndiye aliyenituma kwako. Anasema mmemhesabu ninyi."

"Serikali ndiyo iliyohesabu."

"Na kiti ukakikalia wewe."

Alisema kweli, na kila mtu ukumbini aliijua. Bila wale wanaume elfu mbili wa kilimani, eneo bunge la 58 lisingetimiza idadi ya watu. Lingegawanywa kwa majirani, na Stroud angerudi kuuza matrekta.

Mzee wa daraja akagonga mkongojo sakafuni. "Si umwandikie tu, Harlan? Barua itakutoa jasho?"

"Leo nikimwandikia mmoja, kesho wote wataniandama," Stroud akajibu, tabasamu limemwisha. "Anayefuata!"

Bi Jolene hakumtazama Vernetta usoni. Alipiga mstari juu ya jina la Cordell, akasoma lililofuata.

Cordell alifia kwenye godoro lake gerezani siku kumi na moja baadaye. Vernetta alimleta mjini, akamzika kando ya baba yake, kisha akarudi kazini kwa sababu mashuka hayangoji. Hapo ndipo alipoanza kumsikia. Mashine ilipobadili mzunguko, katikati ya mngurumo, Cordell alikohoa. Vernetta alizima mashine, akasikiliza, akaiwasha tena. Wenzake wakaanza kumkwepa.

Siku ya tisa baada ya mazishi akapiga simu ofisi ya Stroud, Tarrow.

"Naomba mumtoe mwanangu kwenye hesabu yenu," alimwambia Bi Jolene. "Sitaki Stroud amkalie tena."

"Pole sana, mama. Nilisikia. Lakini hatoki. Ile ni idadi tu, haina majina. Haiguswi mpaka sensa nyingine."

"Nimemzika, dada. Udongo nimeutupa kwa mkono huu."

"Najua. Ila kwenye hesabu bado anaishi hapa."

"Mpaka lini?"

Karatasi zikapekuliwa. "Aprili mosi, 2030."

Nyuma ya Vernetta mashine ikabadili mzunguko. Akafunika sikio moja kwa kiganja.

"Basi kamwangalieni," akasema. "Bado anakohoa."