Neno la Mjomba Kasiani

Nilimwonyesha mjomba wangu picha ya kijiko, nikamwuliza, "Mjomba, hiki ni nini?"

Alikitazama kijiko, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamwona mjomba Kasiani ameona haya mbele yangu. Mzee wa miaka sitini na mitatu, aliyetulea mimi na mdogo wangu Oliva tangu baba alipokwenda zake, anaulizwa na mtoto wa dada yake jina la kijiko. Akageuza uso ukutani. Nami, kwa ujinga wa mtu aliyesoma, nikaandika kwenye daftari: "Kijiko, hakujibu." Nilikuwa bado na kadi kumi na tisa zenye picha. Nikaendelea na baiskeli, na mbuzi, na taa, mpaka mama alipoingia na kuninyang'anya kadi zote.

"Severina," akasema, "mtu mzima haulizwi hivyo. Hata kama nusu yake imekufa."

Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu. Ilikuwa Julai ya mwaka 1995, siku ya pili tangu nifike Lupaso.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kanisa likinidhamini, nikisomea matatizo ya usemi, lugha na usikivu. Nilipoondoka, majirani walimwuliza mama kama ni kweli kuna chuo cha kufundisha watu kusema, na kama kipo, kwa nini apelekwe Severina, ambaye hajawahi kunyamaza. Mimi nililipenda somo lile. Nilipenda kujua kwamba neno moja tu, kabla halijafika midomoni, limeshapita njia ndefu kichwani, na kwamba njia hiyo inaweza kukatika mahali fulani huku kila kitu kingine kikibaki kizima.

Sasa ilikuwa imekatika nyumbani kwetu. Barua ya mama ilisema tu kwamba mjomba aliugua kiharusi mwezi Machi na mkono wa kulia umepooza. Haikusema habari ya Jumatatu.

Maana hilo ndilo neno lililobaki kinywani mwake. Ukimwuliza kama ana njaa, anasema Jumatatu. Ukimwuliza wapi panauma, anasema Jumatatu, huku machozi yakimlengalenga kwa hasira. Ukoo ulikaa, ukatafakari, ukakata shauri kwamba mjomba anataja siku yake ya kufa. Basi kila Jumapili jioni ndugu walikuwa wakiteremka kwenye magari kutoka Chiwata na kwingineko, na mikeka yao na unga wao, wakalala uani kungoja. Jumatatu ikipita salama wanakunja mikeka na kuaga kwa unyonge kidogo, kama watu waliofika harusini wakakuta imeahirishwa. Wiki ya sita walichoka. Ndipo ukoo ukabadili shauri: mjomba hafi, ila amepotewa na akili.

Mjomba wangu mdogo, Vitalis, hakukubali hata hilo. Yeye alisema kaka yake anafanya makusudi. "Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba vizuri kabisa," aliniambia. "Kanisani anasali Baba Yetu mpaka amina. Halafu akirudi hapa, ukimwuliza uji au chai, hajui. Hiyo ni akili ya wapi?"

Nilimweleza kwamba mjomba anaelewa kila kitu tunachosema, kwamba kilichokatika ni njia ya kutokea tu. Vitalis alinisikiliza kwa adabu, maana ni mtu wa adabu, akasema, "Sawa, mwanangu. Umesoma." Mtu akikwambia hivyo kwetu, ujue amekwisha kukupuuza.

Wala isingekuwa na haraka yoyote, ila Oliva alikuwa ameposwa. Kijana anaitwa Fortunatus, fundi seremala wa Newala, na watu wake walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki ile ile kuchukua jibu. Kwa desturi yetu mtoto ni wa mjombake. Baba anaweza kuwapo au asiwepo, lakini mjomba mkubwa ndiye anayesema, na asiposema, hakuna posa. Vitalis alipendekeza siku hiyo mjomba awekwe chumba cha nyuma, kisha yeye aseme kwa niaba yake. Wageni wataambiwa ana homa.

Oliva hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua. "Mkimficha, mimi siolewi," akasema. "Huyo alinibeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali nilipokuwa na surua. Sitoki nyumba hii bila neno lake."

Nilimjua mdogo wangu. Angekaa hapo na mchicha wake mpaka azeeke. Tulikuwa na siku nne, na neno pekee lililokuwepo lilikuwa Jumatatu.

Siku mbili za mwanzo nilizipoteza na kadi. Nilizichukua kwa siri pale mama alipoziweka, nikazitoa kila akienda kisimani, na mjomba kila mara aligeukia ukuta. Nilianza kuogopa. Nililala mchana nikilia kwa hasira kwamba nimevuka bahari kujifunza jambo ambalo halimfai mtu mmoja ninayempenda.

Alhamisi akaja Bi Sikudhani. Huyu ni mtoto wa shangazi yake mjomba, kwa hiyo mtani wake tangu wakiwa wadogo, na mdomo wake unajulikana kuanzia Chiwata mpaka Masasi mjini. Tangu Machi hakuwa amekanyaga kwetu. Alisema mgonjwa hataniwi, na yeye hajui kuzungumza na Kasiani bila kumtania, sasa aje kufanya nini? Alikuwa amekuja kumwona bibi harusi tu. Lakini akapita barazani, akamwona mjomba ameketi na koti alilonunuliwa na Vitalis kwenye mitumba ya Masasi, koti zito la buluu lenye vifungo upande wa kike na ua dogo begani. Akajikaza, nilimwona kabisa akijikaza, akashindwa.

"Hee, Kasiani," akasema. "Koti la kike hilo. Umeolewa lini?"

"Lako hilo," mjomba akasema. "Ulilisahau."

Jikoni mama aliangusha upawa. Bi Sikudhani aliziba mdomo kwa ncha ya khanga yake. Mjomba mwenyewe alishtuka kuliko sisi wote, akagusa midomo yake kwa mkono wa kushoto. Nikamkimbilia kama mwendawazimu: "Mjomba, sema tena!" Akanitazama kwa huzuni. "Jumatatu," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mhadhiri wetu alikuwa ametueleza, na mimi nikanakili na kupata alama nzuri ya mtihani, kwamba mtu akikatikiwa na usemi, maneno ya kujitungia ndiyo yanayopotea kwanza. Salamu, sala, nyimbo na matusi huwa zimewekwa mahali pengine, na huweza kutoka zenyewe. Alituambia tutafute milango hiyo. Kumbe mlango wa mjomba ulikuwa utani, nao tulikuwa tumeufunga sisi wenyewe kwa heshima. Miezi minne watu walimsemesha kwa sauti ya chini, wakamjibia, wakamhurumia. Na mimi nikaja na kijiko.

Nilikwenda kwa Vitalis nikamwomba mambo mawili: mjomba akae mbele ya wageni, na Bi Sikudhani akae karibu naye.

"Akiaibika je?" akaniuliza.

"Aibu iwe yangu. Mtanisema mpaka mchoke."

Jumamosi wakaja wageni saba, na mshenga wao mzee Hamudi, mtu mwembamba mwenye kanzu iliyonyooka. Walikula, wakanawa. Mimi na Oliva tulikuwa nyuma ya pazia la mlango, naye alikuwa ameshika khanga yangu kwa mikono miwili.

"Mzee Kasiani," mshenga akaanza, "tumeona mtoto katika nyumba yako, nasi tuna kijana wetu. Leo tumefuata neno lako."

Mjomba akafungua kinywa. Nikaona midomo ikitafuta. "Juma," akasema, akaacha. Akajaribu tena. "Jumatatu."

Wageni wakatazamana. Vitalis akaanza kuinuka aseme yeye, na mjomba akanyanyua mkono wake mzima kumzuia. Mkono ule ulibaki juu, na hakuna neno lililoufuata. Nilitamani ardhi inimeze.

"Na nyinyi mnamwuliza huyu?" Bi Sikudhani akadakia kutoka kwenye mkeka. "Kasiani, unampeleka mtoto Newala, kusiko na maji. Huko ataoga nini?"

"Mate yako," mjomba akasema. "Yanatosha."

Wageni wa Newala, waliozoea kuchekwa kwa shida yao ya maji, wakaangua kicheko, mshenga akilia machozi. Bi Sikudhani akangoja wamalize.

"Basi mzuie. Mwambie abaki hapa akukorogee uji."

Mjomba hakucheka. Aligeuka polepole kuelekea pazia letu. Na yule mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha mwanya katika mazungumzo, safari hii aliuacha.

"Aende," mjomba akasema. Kisha akamgeukia mtani wake. "Wewe baki."

Vigelegele vilipasua nyumba. Oliva alianza kulia na mimi nikaketi chini pale pale. Sijawahi kupata nafuu ya namna ile, si siku ya kupokea shahada, si siku nilipojifungua. Ilikuwa kama kuteremsha mzigo ambao nilishasahau kwamba nimeubeba.

Nimefanya kazi hii karibu miaka thelathini sasa, na bado najiuliza. Neno la mate lilikuwa utani, hilo naweza kulieleza kwa wanafunzi wangu. Lakini "aende" halikuwa utani. Lile alilitafuta mwenyewe, akalipata, na alijua anampa nani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa barazani na mjomba, bila daftari. Mama akarudi kutoka kisimani na debe la maji kichwani. Miezi minne alikuwa akisema juu ya kichwa cha kaka yake: atakunywa uji, amechoka, mpelekeni kivulini. Alifika mbele yake akasimama.

"Kaka," akasema, "mikorosho ya kule mpakani tuipulizie salfa mwaka huu, au tuiache?"

Mjomba akafungua kinywa, akafunga. Nilitaka kumjibia, nikauma ulimi. Mama hakutua debe. Alisimama pale pale, maji yakimdondokea begani, akingoja.