Mdhamini wa Kompyuta Kumi na Moja

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Faili alifungua masjala ya vizazi na vifo, akafuta vumbi kwenye kompyuta zote kumi na moja kwa kipande cha fulana ya mumewe, kisha akaipiga ya nne kofi dogo ubavuni ili iwake. Alijua kila moja inavyotaka. Ya kwanza ilitaka kusubiriwa. Ya saba haikupenda dirisha likiwa wazi. Ya kumi na moja ilifungwa mpira wa baiskeli tumboni, kwa sababu skrubu zake zilipotea wakati mkuu wa ofisi wa sasa alipokuwa bado anavaa kaptura za shule.

Yeye mwenyewe alikuwa kibarua. Aliletwa kwa wiki mbili kupanga mafaili, na wiki mbili hizo zilikuwa zimefikisha miaka kumi na tisa. Drooni mwake mlikuwa na bahasha ya plastiki aliyoinunua mwezi wa kwanza, ya kuhifadhia barua ya ajira. Ilikuwa bado tupu. Kila jioni mumewe, seremala aliyestaafishwa na mgongo, humuuliza neno moja anapovuka kizingiti.

"Imetoka?"

Naye hujibu, "Bado."

Alikuwa amebakiza miezi minne kutimiza sitini, na mtu wa sitini haandikiwi barua.

Asubuhi hiyo akaja fundi wa kompyuta, binti mwembamba mwenye mkoba mgongoni na sauti ndogo ya kutafutwa kwa sikio. Makao makuu yalikuwa yameagiza kompyuta zote zihamishiwe kwenye mfumo endeshi mpya kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa ule wa zamani haungehudumiwa tena. Kompyuta mpya za kuuendesha mfumo huo hazikuagizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuponya au kutuzika?"

"Kujaribu," alisema fundi.

Alichomeka flashi kwenye ya kwanza, akaisubiri. Baada ya dakika ishirini skrini iliandika: *Kifaa hiki hakina kipuri cha uaminifu. Usimikaji umesitishwa.* Fundi alijua njia tatu za kuuzunguka ukaguzi huo. Alifuta mstari mmoja, akaficha faili moja, kisha akauongopea mfumo kuhusu umri wa mashine. Mara zote tatu ulijibu maneno yale yale. Mara ya tatu uliongeza: *Nimeona.*

"Inasemaje?" aliuliza Mama Faili.

"Inasema mashine haiaminiki."

"Hii?" Mama Faili aliyatua mafaili aliyoyabeba. "Hii haijanisingizia hata siku moja. Watu wamenisingizia humu ndani, lakini siyo hii." Akaweka kiganja juu ya kasha lake, pale panapopata joto. "Mimi naidhamini."

Alama nyekundu kwenye skrini ikageuka kijani. Usimikaji ukaanza kutembea: asilimia mbili, tano, tisa. Kwenye kumi na nne Mama Faili aliinua mkono kujikuna sikio, na namba ikasimama. Aliurudisha, ikaendelea.

Fundi aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, kisha akamletea kiti.

Kazi ilichukua siku nne. Mama Faili aliketi kando ya kila mashine, mkono mmoja juu ya kasha, mwingine ukipanga vyeti kwenye mapaja. Walipofika kwenye ya nne alisema, "Naidhamini, ila ni kaidi," na mfumo ukakubali hivyo hivyo. Katikati ya asilimia walizungumza. Fundi alisimuliwa habari za bahasha. Alionyeshwa pia, na akaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kitu cha mtoto mchanga.

Siku ya tano Mama Faili alikwenda kupimwa macho. Saa nne kamili kompyuta zote kumi na moja ziliandika: *Mdhamini hayupo.*

Kwenye benchi alikuwepo baba aliyebeba mtoto wa siku tisa, na pembeni yake mjane aliyefuata cheti cha mumewe.

"Mdhamini anarudi saa ngapi?" aliuliza mjane.

"Akimaliza macho," alijibu karani wa dirishani.

Wakasogezeana nafasi. Kwa mujibu wa ofisi, mtoto yule hakuwa amezaliwa hadi saa nane mchana, na marehemu naye aliendelea kuwa hai kwa muda huo huo. Mjane hakulalamika. Alimshikia baba yule mtoto wake, naye baba akaenda kunywa maji.

Saa nane kamili Mama Faili alivuka kizingiti, dawa ikimtiririka machoni, na skrini zikawaka.

Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake. "Mama, siku nyingine ukitaka kwenda mahali, omba ruhusa."

"Kibarua haombi ruhusa, mkuu. Kibarua hukosa siku."

"Basi usikose."

"Basi niandikie barua."

"Ikama imejaa, mama. Nafasi zinahesabiwa makao makuu, mimi sina hata moja mfukoni." Alisema hivyo kila mwaka, bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Fundi alikuwa amesimama kando ya ya kumi na moja. Alikuwa na la kusema, alilipanga vizuri kichwani, akalipanga upya. Mkuu akarudi chumbani, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata kilichobaki kilikuwa hati ya makabidhiano. Ilikuwa na safu tatu: namba ya kompyuta, mfumo uliosimikwa, na kipuri kilichoongezwa. Yale aliyoshindwa kuyasema, fundi aliyaandika. Katika safu ya tatu aliweka jina kamili la Mama Faili, mara kumi na moja, kwa herufi kubwa.

"Umeandika nini hapo?"

"Jina lako, mama. Wakiona mashine zote zinakutegemea wewe, hawatakuwa na namna. Watakuajiri."

Mama Faili alivaa miwani mpya aliyopewa baada ya kupimwa macho, akalisoma jina lake kutoka juu hadi chini.

"Umelipatia," alisema. "Hapa huwa wananikosea herufi ya mwisho." Kisha akaitoa bahasha drooni, akaipangusa kwa kile kipande cha fulana.

Jibu lilifika baada ya wiki mbili, na fundi akaitwa kushuhudia. Makao makuu yalikuwa yameridhia. Kwa kuwa kipuri kilichotajwa kinafanya kazi na kinaendana na mashine zote, kiingizwe kwenye rejesta ya vifaa. Kwa kuwa kifaa hakisaini mahudhurio, jina lake liondolewe kwenye daftari la vibarua. Posho yake ya kutwa itatoka kwenye fungu la matengenezo, pamoja na wino na nyaya.

Mtunza stoo alikuja na vibandiko vyake na chupa ya gundi. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nikubandike wapi? Kawaida huwa ni nyuma."

"Nyuma nitakikalia. Bandika mkononi."

Alikibandika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akakikandamiza kwa dole gumba mpaka kikashika. Kisha akajaza fomu, akisoma kwa sauti kama taratibu zinavyotaka. Aina: kipuri cha uaminifu. Idadi: kimoja. Kwenye hali ya kifaa alisita.

"Hapa niandike kipya au chakavu?"

"Hakuna cha katikati?"

"Hakipo, mama."

"Andika unavyoniona."

Mtunza stoo alimtazama kwa muda. Akaandika: *Chakavu, kinafanya kazi.*

"Mkuu," alisema fundi, "mimi sikumaanisha hivi."

Mkuu alilazimika kuinama ili amsikie. "Umesemaje?"

"Nilimaanisha aajiriwe."

"Lakini uliandika kwenye safu ya kipuri."

"Hakukuwa na safu nyingine."

"Ndiyo," alisema mkuu. "Haipo."

Mama Faili aliuliza, "Na sitini zangu zikifika?"

"Kifaa hakistaafu, mama. Kinatumika mpaka kifutwe rejestani." Alilitamka hilo kama habari njema, na sehemu ya moyo wake iliamini kwamba ni njema kweli.

Nakala ya fomu ilikuwa ya Mama Faili. Bahasha ilikuwa imekaa tupu muda mrefu hata pande zake mbili zikagandana, na fundi alitumia rula kuzitenganisha. Machozi yalimdondoka akiwa katika kazi hiyo.

"Usilie juu ya kibodi, mwanangu," alisema Mama Faili. "Hiyo ndiyo mpya peke yake."

Fundi akasogea, akamalizia kulia dirishani, karibu na ya saba, dirisha likiwa limefungwa.

Jioni, mumewe alikuwa ameketi mlangoni akikwangua mwiko.

"Imetoka?"

"Imetoka," alisema Mama Faili, akampa bahasha.

Alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Aliisoma polepole, midomo ikitembea. Alisoma namba, akasoma aina. Kwenye hali ya kifaa alirudia mara mbili. Kisha akashuka hadi kwenye mstari wa jina, akauwekea kidole, akapita herufi kwa herufi mpaka mwisho.

"Jina wamelipatia," alisema.

"Wamelipatia."

"Herufi zote."

"Zote."

Aliirudisha fomu ndani ya bahasha na kuiweka kwenye sanduku, pamoja na cheti chao cha ndoa. Baada ya kula Mama Faili aliosha vyombo kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliunyanyua juu ya beseni, kwa sababu mtunza stoo alikuwa amesema gundi ile isilowe mpaka kesho. Mumewe akaja akasimama kando yake, akawa anamshikia sahani, moja moja, naye akizisugua.