Kihenge cha Baba Mkwe

Mbao zilishushwa uani mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, na Mzee Turdakun akaanza kupima ukuta wa nyumba kwa kamba. Mkamwana wake Kanyshai alikuwa akianua nguo. Hakuhitaji kuambiwa. Alijua kinachojengwa, akajua na sababu yake.

Majira ya baridi yaliyopita mzee alimtuma makaa ya jiko. Banda lilikuwa ng'ambo ya ua, barafu imetanda kote, na Kanyshai alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliteleza, ndoo huku na yeye kule. Mimba ikatoka wiki ileile. Mumewe Ulan, anayebeba zege huko Urusi, alilia kwenye simu akasema ni mipango ya Mungu. Mzee hakusema kitu. Mwaka mzima hakusema kitu, ila sasa anajenga kihenge cha makaa ya mawe kilichobanana na ukuta wa nyumba, chenye kidirisha kinachofungukia ndani, ili mkamwana achote makaa akiwa na soksi tu miguuni.

"Mwaka huu utachota makaa kama unga," alimwambia, macho yake kwenye msumari.

"Ahsante, baba."

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana Kanyshai alizaliwa kwenye makaa. Baba yake mzazi alikuwa mlinzi wa uwanja wa makaa kule mgodini, na yeye amekulia juu ya marundo hayo. Makaa ya milima ya kwao si mawe magumu. Ni ya kahawia, laini, yanamumunyuka. Baba yake alikuwa akisema makaa haya yana homa. Yarundike marefu kupita kifua, yakiwa na maji na chenga zake, uyafunike gubigubi yakose pa kupumulia, yatajipasha moto yenyewe ndani kwa ndani. Na kabla hujaona moshi, yatakuwa yameshatoa ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini.

Mzee Turdakun alikuwa dereva wa trekta. Alijua ngano, alijua kondoo, na kihenge chake akakijenga kwa akili ya ngano na kondoo. Kirefu kumpita mtu. Nyufa zote kaziziba kwa udongo. Juu ya mabati akatandika mazulia ya zamani ya manyoya, eti makaa yasigande. Ubavu mmoja ukaegemea ukuta wenye jiko. Na kidirisha chake kikafungukia chumba anacholala Mama Zeinep, mkewe, na mjukuu wao Saikal, binti wa Kanyshai, miaka minne.

"Mzee, hilo ghala au kaburi la farasi?" Kubat, jirani yao, alichungulia juu ya ua.

"La kwako wewe. Nimepima mpaka tumbo."

Kubat akacheka akaenda zake. Kanyshai hakucheka. Alitamani mtu yeyote, hata huyo Kubat mpenda mizaha, aseme lile ambalo yeye hawezi kulisema. Maana mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hampi mgongo, chai anammiminia akiwa amekaa karibu na mlango. Atamwambiaje kwamba mbao zake zitaua?

Akajaribu kupitia kwa Mama Zeinep, walipokuwa wakikanda unga.

"Mama, kwetu makaa tulikuwa tukiyaweka mbali na ukuta. Na si marefu vile. Ungemdokeza baba."

Mama Zeinep aliendelea kukanda kwa muda. "Mwanangu, unajua yule anajenga nini pale?"

"Najua."

"Basi. Ameshindwa kukuambia kwa mdomo, anakuambia kwa nyundo. Wewe unataka nimwambie nyundo yake mbovu?"

Akampigia Ulan. Ulan alikuwa juu ya jengo, upepo ukivuma kwenye simu. "Mzee ameanza kujenga vihenge wewe hujazaliwa."

"Vya ngano, Ulan."

"Ngano, makaa, yote si mzigo? Tafadhali, usinitie aibu na baba yangu."

Kwa hiyo akanyamaza. Lori likaja siku mbili baada ya mvua, makaa yakitiririka maji, nusu yake chenga, na yote yakamwagwa humo ndani mpaka pomoni. Mzee akapigilia mfuniko, akafuta mikono, akasimama akikitazama kihenge chake kwa raha ambayo Kanyshai hakuwahi kuiona usoni mwake.

Wiki ya tatu theluji ikaanguka. Ililala juu ya zizi, juu ya ua, juu ya mgongo wa ng'ombe. Juu ya kihenge haikulala hata chembe.

"Mnaona?" mzee akasema, ameridhika kabisa. "Yale mazulia yanafanya kazi."

Kanyshai alisubiri aondoke, akachukua nondo, akaichomeka kati ya mbao mbili, akahesabu pole pole, akaichomoa. Akaigusa kwa kiganja na kuuondoa mkono haraka. Kulikuwa na harufu pia, kwa mbali, kama mafuta ya taa. Wakati wa chai akajikaza, sauti ikamtoka nyembamba: "Baba, nimegusa makaa. Yana joto."

Mzee akacheka. "Yakiwa baridi ndiyo uje uniambie."

Na Kanyshai naye akacheka. Alicheka, jamani, akamwongezea chai. Kisha akaenda kukiziba kidirisha kwa matambara, akajidanganya kwamba amefanya jambo.

Asubuhi ya pili yake, baba mkwe amelala chumba cha mbele kama kawaida yake, Kanyshai alitoka kumkamua ng'ombe. Aliporudi na ndoo ya maziwa alimkuta Mama Zeinep ameketi sakafuni, kichwa mikononi, akisema maneno yasiyo na mpangilio. Saikal alikuwa ametapika kitandani. Kanyshai akamwita, hakuitika. Akamtikisa, kichwa kikaenda upande.

Ndoo ilimwagikia wapi hakumbuki. Alimbeba mtoto mpaka nje, akamlaza juu ya theluji na gauni lake la kulalia, akampiga mashavu, akamwita, akampiga tena, mpaka mtoto akavuta pumzi kubwa na kulia. Akarudi ndani, akamburuta Mama Zeinep kwa makwapa. Kubat alisikia kilio. Akaruka ua, akawaingiza wote wawili kwenye gari lake na kuondoka nao kwenda zahanati. Viti viwili tu ndivyo vilivyokuwa vitupu, vingine vimejaa magunia, na Kanyshai akabaki.

Akachukua sururu. Mzee alitoka akiwa bado anafunga mkanda, akamkuta mkamwana wake, kitambaa kimemvuka kichwani, akikivunja kihenge ubao kwa ubao.

"Wewe, una wazimu? Acha."

"Hewa ya makaa imewaangusha mama na Saikal, wako zahanati," akasema, wala hakuacha. Ubao wa nne ulipong'oka mvuke ukatoka kwa kishindo, na nyuma ya mvuke kukaonekana makaa mekundu, ya kimya, umbali wa shubiri moja kutoka ukuta wa chumba alicholala mtoto. Mzee akatazama. Akaenda kuchukua beleshi.

Walifanya kazi mpaka karibu na adhuhuri, wakiyatandaza makaa juu ya theluji uani kote. Simu ikalia. Kubat alisema mama amepata nafuu, na mtoto amefungua macho, anakula mkate, ila muuguzi anataka alale hapo siku mbili aangaliwe. Kanyshai akakaa chini palepale kwenye majivu. Mzee akakaa pia, si mbali naye.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ubao wa kwanza."

Mzee akaiangalia mikono yake, iliyokuwa imeungua sehemu mbili tatu. "Mimi ni mjinga wa makaa. Wewe si mjinga. Unaniogopa kiasi hicho?"

Ingekuwa rahisi kuitikia. Kijiji kizima kingekuwa upande wake. "Niliogopa kuambiwa sina adabu," Kanyshai akasema.

Mzee akalichomeka beleshi kwenye theluji. "Mwaka jana ningeweza kwenda bandani mwenyewe," akasema. "Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeshavua viatu, nikaona uvivu kuvivaa tena. Ni hivyo tu. Nisamehe, mwanangu."

Mwaka mzima Kanyshai alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Usiku mwingine aliyatunga yeye mwenyewe, na jibu lake pia alilitunga, jibu zuri la kumwezesha mzee kuinua uso. Sasa maneno yamekuja na hakuweza kuyapokea. Huyu alivua viatu, akakosa kuona mbele. Yeye aliona, akapima kwa nondo, akaungua kiganja, kisha akamimina chai na kumlaza mwanawe pale pale. Wa kumwomba msamaha alikuwa na miaka minne, yuko zahanati anakula mkate, na hajui kuna jambo lolote la kusamehe.

"Baba, naenda zahanati," akasema, akainuka.