Papa Waliobana Pumzi

Mjukuu wangu hulea papa wadogo katika kituo cha utafiti wa bahari, na sioni haya kusema kwamba kusoma nilimfundisha mimi. Asubuhi ile alinionyesha tangi lake la kioo, ambamo vilining'inia vifuko kumi na viwili vya rangi ya chai, kila kimoja na yai lake.

"Mama zao hawaupiti mkono wako kwa urefu, Babu. Mchana hujificha kwenye matundu ya matumbawe, usiku hutambaa wakitafuta kaa. Wakishataga, huenda zao."

"Malezi gani hayo?"

Akamulika kifuko kwa tochi. Ndani, mkia wa papa mchanga, mwembamba kama uzi, ulipigapiga bila kukoma, ukivuta maji mapya.

"Akihisi umeme wa mwili wa samaki mkubwa, hutulia tuli. Hubana pumzi asigunduliwe. Na usimkodolee macho hivyo, Babu. Si mwanafunzi aliyechelewa."

Kisha akawasha pampu mpya, iliyofungwa tangini na fundi jana yake. Alipomulika tena, mkia ulikuwa umesimama. Akahesabu hadi ishirini, kwani kanuni ya kituo ni kwamba asiyetikisika kwa hesabu hiyo amekufa, na hutolewa upesi asiharibu maji. Akamulika wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Kimya.

"Miezi mitatu nimewalea, Babu," alisema, akikunja mkono wa shati ili awatoe.

Nilifundisha miaka thelathini na minane. Darasa zima halinyamazi kwa mpigo mmoja ila kuna aliyeingia mlangoni. Nani basi aliyeingia humu? Samaki mkubwa hakuwamo. Ilikuwamo pampu tu.

Sakafu ilikuwa imelowa, na vidole vyake vilikuwa karibu kugusa maji. Nilimnasa kiwiko kwa mpini wa bakora yangu, nikamvuta kwa nguvu nisizojua nilizitoa wapi, akaangukia kifuani pangu.

"Babu, una nini?"

"Zima umeme. Ule wa ukutani."

Fundi alipokuja na kuifungua pampu, alikuta waya umechubuka hadi shaba.

Mjukuu aliniomba nishike tochi ili yeye ahesabu. Mwanga ulicheza kioo kizima.

"Tulia, Babu. Nahesabu."

Alipofika kumi na saba, mkia ukapiga.