Sauti ya Maji Yanayochemka

Kidole changu kilikuwa ndani ya maji ya sufuria, na hakikuungua.

Nilikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Maji yalikuwa na uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto mchanga, hayakuzidi hapo. Nje, kwenye baraza ndefu ya wodi ya wazazi, nyayo za Claudine, mwanafunzi mwenzangu, zilikuwa zikienda, na mikononi mwake sinia yenye sindano saba nilizotoka kumkabidhi. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Mtu anayetaka kuita, huita wakati huo. Mimi nilitoa kidole, nikakifuta kwenye aproni, nikasikiliza zile nyayo mpaka mlango wa wavu ulipofungwa.

Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa na kazi mbili, na kila moja ilitaka mtu mzima. Tangu alfajiri nilikuwa mchemshaji wa vyombo katika hospitali iliyokaa juu ya ukingo wa mto, upande wa maporomoko. Kuanzia saa nne hadi jua kuzama nilikuwa mwanafunzi wa ukunga, nimevaa gauni jeupe kama wenzangu, nimekaa benchi la nyuma. Wenzangu walitoka shule za bweni za masista, Kifaransa kikiwatoka bila kukwaruza. Mimi nilikuwa na shule ya msingi tu, na maneno marefu ya daftari niliyameza mazimamazima, nikayatafuna baadaye, njiani.

Daktari hakutaka kuniondoa kwenye chumba cha kuchemshia, kwa maana kwa miaka miwili sindano zangu hazikuwahi kuleta jipu. Masera Hélène, sista mkuu wa shule ya ukunga, hakuweza kunipokea bila ruhusa ya daktari. Wakapatana juu yangu kama watu wawili wenye mtumbwi mmoja: asubuhi wa huyu, mchana wa yule.

"Una mikono miwili, Germaine," Masera aliniambia siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kupiga pasi. "Mmoja ukiangusha, na mwingine utakuwa umeangusha. Unasikia?"

"Nasikia, Masera."

Kusikia ndiko nilikokuwa nakuweza. Mimi ni mtoto wa Wagenya. Baba yangu, Papa Évariste, alitega vikapu vyake vikubwa kwenye maporomoko, na nyumba yetu ilikuwa karibu nayo kiasi kwamba mtoto huzaliwa akiusikia mngurumo kabla ya sauti ya mama. Watu wa kwetu hawayasikii maporomoko. Huyasikia yanapobadilika tu.

Basi sufuria nayo niliisoma kwa masikio. Niliweka kiti changu kuelekea dirishani, kwenye mwanga, jiko la Primus likiwa nyuma yangu, daftari magotini. Kwanza maji huchachatika kama mvua juu ya majani makavu. Kisha hunyamaza kidogo. Kisha huja sauti ya tatu, nzito, ya kukisukuma kifuniko. Hapo nilinyoosha mkono, nikaigeuza chupa ya mchanga aliyonipa Masera, ile yenye kiuno chembamba. Mchanga ukishuka mara mbili, ni dakika ishirini. Sikugeuka nyuma hata mara moja, na kurasa mbili za somo zilikuwa zimeingia kichwani.

"Weye unasoma na macho, unapika na masikio," Claudine alinitania siku moja. "Na kulala, unalala na nini?"

"Na miguu," nikamjibu. Haikuwa mzaha mtupu, kwani mara mbili nilikuwa nimesinzia nimesimama kwenye mstari wa sala.

Jumatano ile mto ulikuwa unapanda. Ilikuwa katikati ya Novemba, na Papa alikuwa na siku tatu akirudi na vikapu vitupu, akisema miti ya mitego imebaki vichwa tu juu ya maji. Watu wasiokaa pale hudhani kwamba mto ukijaa, maporomoko hupiga kelele zaidi. Sivyo. Mawe yakifunikwa, ule mlio wa kupasukapasuka huisha. Sauti hushuka, huwa ya tumboni, kama sufuria iliyofunikwa. Nililijua hilo kabla ya kujua kuandika jina langu. Lakini asubuhi ile nilikuwa kwenye ukurasa wa mifupa ya nyonga, na Jumamosi ulikuwa mtihani wa kwanza mbele ya daktari. Sauti ya tatu ikaja. Nikaigeuza chupa ya mchanga, na uliposhuka mara mbili nikampa Claudine sindano, kisha nikageuka kuzima jiko.

Jiko lilikuwa limezimika zamani. Mafuta yalikwisha, sikuwa nimeyaongeza. Nilichokisikia kilikuwa mto.

Baada ya mlango wa wavu kufungwa nilifanya jambo ambalo bado linanitia aibu kuliko mengine. Nilijaza mafuta, nikawasha, nikachemsha maji matupu dakika ishirini kamili, nikiyakodolea macho uso kwa uso. Na nikajisemea: pengine yalichemka kidogo kabla jiko halijazima. Pengine sindano zilikuwa bado safi tangu jana. Moyo wa mtu aliyechoka haukosi pengine.

Zile sindano saba zilikuwa za wazazi saba, vitanda saba mfululizo upande wa dirisha. Alasiri, kupima homa katika wodi ile ilikuwa zamu yangu mimi, kama mwanafunzi. Jumatano hakuna kitu. Alhamisi hakuna kitu. Nilikuwa naviweka vipimajoto makwapani mwao huku nikitazama mikono yao, juu, pale sindano ilipoingia. Nilianza kumshukuru Mungu kwa kinywa kilekile ambacho hakikuita.

Kwenye kitanda cha nne alilala Anne, wa kijiji cha Yanonge, aliyezaa binti yake wa kwanza. Alikuwa ameletwa kwa mtumbwi na mama yake, Mama Célestine, mwanamke mwembamba asiyesema sana, aliyelala chini, kando ya kitanda, juu ya mkeka wake.

"Weye mutoto wa maporomoko," Anne aliniambia Alhamisi ile, akicheka, "juu ya nini unaangalia mukono yangu kama mutu anachagua samaki?"

"Naona una mikono mizuri."

"Bwana yangu hajasema hivyo hata siku moja. Rudi kesho useme tena."

Nilirudi. Ijumaa saa nane mchana hakuwa na mzaha wowote. Midomo ilikuwa imekauka, macho yaking'aa, na juu ya mkono wake, ambao jana ulikuwa mtupu, kulikuwa na bandeji nene, iliyofungwa na mtu asiyekuwa wa hospitali. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na nusu. Nikamwita muuguzi mkuu, Papa Hilaire.

Alifungua bandeji taratibu. Ndani mlikuwa na majani yaliyopondwa, meusi tayari, na chini yake nyama imevimba, nyekundu, inang'aa kama ngozi ya ngoma.

"Ni nani aliweka hii?"

"Ni mimi," akasema Mama Célestine. Alikuwa amesimama. "Mukono ilianza kuwaka moto jana jioni. Ile majani inavuta moto."

"Donc, basi ni weye uliharibu."

"Moto ilikuwa ya kwanza, papa. Majani ilikuja nyuma."

"Kila siku ni mambo moja tu. Siye tunatia dawa ya muzuri, ninyi munaleta pori ndani ya nyumba." Hakupaza sauti, alikuwa mtu wa adabu, na hilo lilizidi kunichoma. "Utoke, mama. Utaonana na mutoto wako siku atatoka."

Nilidhani atabisha. Alikunja mkeka wake. Akamwinua mjukuu, akatafuta mtu wa kumpa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, akaniwekea yule mtoto mikononi.

"Shika kichwa," akasema, na akaenda.

Daktari alikuja, akabonyeza, akanuna. Kesho asubuhi angelipasua lile jipu. Kama homa ingepanda kabla ya hapo, alisema, akaliacha neno likining'inia. Papa Hilaire alifungua kitabu cha wodi, akaandika jina la Anne, na kwenye nafasi ya sababu akaandika neno moja: majani. Nilisimama nyuma yake na mtoto, nikiutazama wino ukikauka.

Vitanda sita vingine vilikuwa vizima. Hakuna aliyeuliza habari za sindano, na kwa nini aulize? Mchemshaji wa miaka miwili bila jipu. Kosa lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe, mwanamke wa Yanonge asiyejua kusoma kilichoandikwa juu yake.

"Bon, ni vizuri hivi," Claudine akaninong'oneza alipokuwa akibadilisha mashuka. "Wale bamama hawasikii. Na weye, kesho, ile mifupa umeishika?"

"Yote."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kuitaja yote nimefumba macho, hadi ule mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo. Dirishani, mvua ilikuwa imeanza. Mama Célestine alikuwa amesimama nje ya lango, mkeka kichwani, amegeukia wodi. Wengine waliofukuzwa huketi chini ya paa la mlinzi. Yeye hakuketi. Na nyuma yake, chini kule, mto ulikuwa ukisema kwa sauti ileile ya tumboni, na safari hii nilijua ni mto.

Nilimpa Claudine mtoto. Nilimkuta Masera Hélène katika chumba cha shule, akisahihisha madaftari.

"Sindano za Jumatano hazikuchemka," nikasema.

Aliinua macho. "Unasema nini?"

"Jiko lilizimika. Nilikuwa nasoma. Nilidhani nimesikia maji."

"Ulidhani." Akaiweka kalamu chini. "Na ulijua lini kwamba siyo?"

Hapo ndipo palikuwa na njia ya kupita. Ningeweza kusema: leo, nilipouona mkono. Ningekuwa mzembe tu, na wazembe husamehewa.

"Kabla Claudine hajafika mlangoni," nikasema.

Masera aliyasogeza madaftari kando. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayepitia upya kitu alichokwisha kukihesabu kuwa chake.

"Vitanda vingapi?"

"Saba."

"Utawapima wote saba, kila saa, mpaka mimi niseme basi. Yule mama umrudishe ndani sasa hivi. Kitabu nitakwenda kukisahihisha mwenyewe. Na habari yako ataiamua daktari kesho."

"Kesho ni mtihani, Masera."

"Ndiyo," akasema, akichukua kalamu. "Kesho."

Sikuelewa kama amenifungulia mlango au amenifungia. Nilitoka bila kujifunika. Langoni, mlinzi alinitazama, kisha akatazama pembeni.

"Mama, rudi ndani."

Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye mkeka hadi mabegani. "Ni nani alibadilisha neno?"

"Haikuwa majani. Ni sindano. Haikuchemka." Ulimi ulikuwa mzito kama ule wa siku ya kwanza ya Kifaransa. "Kwenye sufuria nilikuwa mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kofi ningelipokea vilevile. Alinitazama tu, tangu kichwani hadi viatuni, kama mtu anayetaka kunikumbuka barabara.

"Mutoto nilikupa, ulimuweka wapi?"

"Ndani. Anashikwa na mwenzangu. Amelala."

"Basi tembea mbele."

Nikatembea mbele. Uwanja ule wa hospitali niliuvuka kila siku bila kuuona. Siku ile ulikuwa mrefu. Nyayo zake zilinifuata kwenye tope, hazikukaribia wala kubaki nyuma.

Anne alikuwa amefumba macho. Nilimwinua mkono ule mzima, nikaweka kipimajoto kwapani, nikambana taratibu. Moto wake ulipita kwenye gauni langu lililolowa.

"Mutoto wa maporomoko," akasema bila kufumbua macho. "Maji inapanda ao inashuka?"

Nilisikiliza. Mvua ilikuwa juu ya bati, watoto wawili walikuwa wakilia, na chini ya vyote hivyo mngurumo ulikuwepo; lakini kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuweza kujua unaelekea wapi. Muda ulipotimia nilichomoa kipimajoto na kukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mama Célestine alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, akinidondoshea matone. Hakujua kusoma namba zile, lakini alijua kwamba mstari wa zebaki una mahali unapoishia, akangoja niseme ni wapi.